Huhitaji Pasipoti Kuona Mahekalu, Anza na Barabara ya Taveta

Wiki hii tena simu yangu imejaa India. Kuna jamaa yuko Varanasi, anashuka ngazi za mto Ganges amevaa kurta aliyonunua jana. Kuna dada yuko Jaipur, amesimama mbele ya ukuta wa rangi ya waridi. Kuna familia nzima, kuanzia nyanya mpaka mtoto wa kubebwa, wanatoka mji mmoja wa kale wanaingia mwingine, hekalu baada ya hekalu, na kila video imependwa na watu laki na kitu. Mimi nawaangalia nikiwa Mahoo, chini ya mgomba, nangoja zamu yetu ya maji ya mfereji ifike.

Sina wivu. Sawa, ninao kidogo. Lakini nina maoni pia, na hayo ndiyo mnayokuja kusoma hapa: safari kama hiyo ipo kwetu. Barabara ni moja, siku mbili zinatosha, viza hakuna. Sisi tuliifanya Desemba ndani ya Noah ya mjomba: Nyanya, Baba, Shangazi, mdogo wangu, mimi, na mkungu wa ndizi za kupelekea ndugu, kwa sababu mtu wa Taveta hawezi kwenda Mombasa mikono mitupu.

Na nitasema hata zaidi. Hekalu la Jaipur litakupa picha safi, lakini haliwezi kukuuliza babu yako alikuwa wapi siku linajengwa. Haya ya njia yetu yanauliza.

Kwanza tuelewane

Shuleni tulipewa mistari miwili: Waingereza walileta Wahindi kujenga reli, kisha Wahindi wakafungua maduka. Mtihani ukapita, tukasahau.

Sasa tazama hesabu. Kati ya 1896 na 1901, reli ilipotoka Mombasa hadi Kisumu, waliletwa karibu wafanyakazi 32,000 kutoka India, wengi wao watu wa Punjab. Karibu 2,500 walikufa. Gawanya kwa urefu wa njia, unapata kama watu wanne kwa kila maili. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mkataba ulipoisha. Waliobaki hapa hawakufika 7,000. Wale wenye maduka tunaowajua, wengi hata si watoto wa hao wa reli. Walikuja wenyewe, kwa nauli yao, hasa kutoka Gujarat.

Na kuna waliokuwepo kabla ya wote. Vasco da Gama alipofika pwani yetu mwaka 1498, alikuta wafanyabiashara wa India wako Malindi tayari, na ni hapo Malindi alipopata rubani wa kumvusha bahari mpaka Calicut. Yeye ndiye alikuwa mgeni kuliko wote, halafu yeye ndiye akaitwa mvumbuzi. Haya.

Hata mdomo wako unajua habari hii. Gari, bima, laki, chapati, bajia: maneno yote hayo yamevuka bahari kutoka huko. Unapanda gari lenye bima kwenda harusini kula chapati, halafu unasema huna habari na India?

Waliobeba wako wapi?

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali. Taveta mjini kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimepita hapo maisha yangu yote nikielekea sokoni, na kwangu ilikuwa ni ile bustani yenye nyasi zilizokatwa vizuri.

Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Vita ya Ulaya ilikuwa haijamaliza hata mwezi, na tayari iko mlangoni kwetu. Ili kuikomboa, Waingereza walianza kutandika reli kutoka Voi mwaka 1915, ipite Maktau ielekee huku. Ni reli ile ile ambayo sisi kizazi hiki tunaijua kama njia ya mkato ya miguu, maana hatujawahi kupanda treni juu yake.

Ukitoka Taveta kwenda Voi utaona kilima cha Salaita. Usikidharau kwa udogo wake. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi Wazungu kutoka Afrika Kusini, wageni kabisa katika nyika hii, walikipanda wakidhani ni kazi ya asubuhi moja. Wajerumani na askari wao Waafrika waliwapiga mpaka wakakimbia. Zaidi ya 130 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliozuia mambo yasiwe mabaya zaidi walikuwa wanajeshi wa kikosi cha 130 cha Baluchi, kutoka India ya wakati ule. Inasimuliwa kwamba hao Wabaluchi waliokota bunduki za rashasha zilizotupwa na wale Wazungu, wakazirudisha kwa adabu zote, pamoja na ujumbe: tafadhali, msituite tena makuli.

Manze, nilipowasomea habari hiyo kwenye simu, gari zima lilicheka. Isipokuwa Nyanya.

Nyanya alikuwa ametoka kutembea kwenye makaburi ya Taveta mjini polepole, na mkongojo wake, akinifanya nimsomee majina. Nilimsomea mpaka nikachoka. Mwishowe akauliza, "Na waliobeba mizigo, wako wapi?"

Babu yake alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa akiwa kijana, kabla hajaoa, akabebeshwa masanduku ya risasi na magunia ya unga nyuma ya jeshi. Alirudi. Alirudi bila vidole viwili vya mguu, vimeliwa na funza. Hadithi yake nzima nyumbani kwetu ni hivyo vidole viwili. Hatuna picha, hatuna karatasi, hatujui alifika wapi.

Kama umewahi kujiuliza Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata wapi majina, ni hapo. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Rekodi za Waingereza wenyewe zinakubali kuwa wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa upande wao, na wanahistoria wengi wanapandisha idadi hadi karibu 100,000. Njaa, kuhara, malaria, uchovu. Risasi ilikuwa ya mwisho kwenye orodha. Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine labda hawakukumbukwa kabisa.

Nilimwambia Nyanya kuhusu hiyo radhi. Akasema, "Waipeleke kwa nani? Babu hayupo." Kisha akaingia garini.

Tulisimama pia Maktau, kwenye makaburi ya wanajeshi Wahindi, si mbali na reli. Ni mahali pakavu, kimya, upepo na miiba. Vijana waliotoka ng'ambo ya bahari, wamelala kwenye nyika ya Taita kwa ugomvi wa watu wa Ulaya. Baba, ambaye huwa hasemi sana, alisema, "Hawa nao walibebeshwa, sema tu wao walipewa bunduki." Naona hilo ndilo somo bora la historia nililowahi kupata, na lilichukua sekunde tano.

Karai iliyoelea

Tulipofika Voi tulikunywa chai. Hapo unapokutana na barabara kuu, ukikata upande wa Nairobi unafika mto Tsavo, palipo na ile habari ya simba wala watu wa mwaka 1898. Kila mtu anaijua. John Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, aliwaua simba wawili, na mwaka 1924 akaziuza ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Chicago, ziliko mpaka leo. Lakini soma anavyohesabu. Anasema Wahindi walioliwa ni 28. Kuhusu Waafrika anaandika tu kwamba walikuwa makumi kwa makumi, na hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Unaona? Hata ndani ya tumbo la simba kuna anayehesabiwa na asiyehesabiwa.

Sisi tulikata upande wa Mombasa. Maungu, Buchuma, kisha Mackinnon Road. Hapo mjomba alipunguza mwendo bila kuuliza mtu. Dereva wa njia hii hapiti hapo hivi hivi. Pembeni ya barabara, karibu na reli, kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, Mpunjabi aliyefanya kazi ya kujenga reli na kufia hapo.

Inasimuliwa kwamba wenzake walikuwa wakibeba karai za mawe na udongo kichwani, lakini karai ya Baghali ilikuwa haimgusi. Ilielea juu ya kichwa chake, hivi, na yeye anatembea chini yake. Inasimuliwa pia kwamba wanyama wakali hawakumdhuru. Alipokufa wenzake walimzika hapo, na watu hawajaacha kusimama. Waislamu huswali, na hata wasio Waislamu, madereva wa malori hasa, wengi huweka sadaka na kuomba safari iishe salama. Mjomba ni Mkatoliki wa jumuiya na kila kitu. Alishuka, akatoa sadaka, akasimama kimya dakika moja.

Mdogo wangu akauliza, "Karai kama ya viazi karai?"

Karai hiyo hiyo. Neno hilo nalo ni la kutoka kwao. Lakini fikiria kidogo kuhusu hiyo hadithi. Ni nani hubuni muujiza wa mzigo unaojibeba wenyewe? Ni watu walioumia shingo. Mfalme angeota jumba la dhahabu. Mtu wa mjengo anaota karai isiyo na uzito. Mimi sijui kama ilielea. Ninachojua ni kwamba wote waliokuwa na karai kichwani walitamani iwe kweli, na babu yake Nyanya, na sanduku lake la risasi, angeielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Shangazi hakushuka. Shangazi ameokoka, na alikuwa ametuambia tangu Taveta kuwa yeye anakuja kuona bahari na jamaa, mambo ya makaburi ya watu na masanamu asihesabiwe. Alibaki garini, dirisha limefungwa, pamoja na joto lile la Mackinnon Road.

Langoni

Tulilala Mikindani kwa ndugu. Asubuhi tukaenda Mji wa Kale.

Fort Jesus mnaijua, sitawachosha. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Jambo moja tu ambalo mwongozaji alitukumbusha: Wareno hawakuitawala Mombasa wakiwa Lisbon, waliitawala kutoka Goa, India. Wakati Waomani walipoizingira ngome hiyo kuanzia 1696 mpaka wakaitwaa 1698, waliokuwa ndani walikuwa wakitazama bahari wakingoja meli za msaada kutoka Goa. Kwa hivyo India ilikuwa makao makuu yetu kabla hata ya reli kufikiriwa.

Kutoka hapo ni mwendo wa miguu tu, unapita maduka ya vitambaa na harufu ya viungo, unafika Langoni. Hapo kuna hekalu la Wajaini, lilijengwa 1963, marumaru nyeupe tupu. Usichanganye: Wajaini si Wahindu. Ni dini yao, ya zaidi ya miaka 2,500, ina waalimu wakuu 24, na sheria yao ya kwanza ni kutodhuru kiumbe chochote. Hawali nyama. Wenye msimamo mkali hawali hata kitunguu na kiazi, kwa kuwa ukikingoa unaua mmea na vidudu vya udongoni. Mdogo wangu aliposikia hawali viazi alisikitika kwa ajili yao kwa dhati.

Hapo mlangoni ndipo safari yetu iligeuka.

Nilidhani Shangazi atakataa kwa sababu ya wokovu. Nilikuwa nimejiandaa na hoja zangu zote. Lakini alikuwa amesimama kando ya ngazi, upande wenye kivuli, na mikono ameikunja, kama mtu anayejua mahali pake. Nyanya akamwita. Hakujitikisa. Akasema, "Mimi nitaangalia viatu."

Baba akanyamaza. Mimi sikuelewa. Ndipo Shangazi mwenyewe akanieleza, bila machozi wala makelele, kama anayesoma bei za soko.

Miaka ya tisini alifanya kazi ya nyumbani hapa Mombasa, miaka sita, kwa familia moja ya Kihindi. Alilea watoto wao wawili tangu wakiwa wachanga. Siku za sikukuu familia ilienda hekaluni, si hili, ni lingine, na yeye aliwavisha wale watoto, akawasindikiza, akawavua viatu mlangoni. Kisha wao waliingia na yeye akabaki nje na viatu. Saa moja. Saa mbili. Usiku wa Diwali, muda mrefu zaidi. Alisikia kengele na nyimbo, aliona mwanga, mpaka akazijua nyimbo zenyewe. Lakini ndani hakuwahi kupaona.

Nikamuuliza, "Walikukataza?"

Akafikiri. "Hakuna aliyenikataza," akasema. "Hakuna aliyenikaribisha."

Nimerudia hiyo sentensi kichwani tangu Desemba. Kwa sababu kama wangemkataza, angalau kungekuwa na mtu wa kulaumu. Hapa hapakuwa na ukuta wowote. Kulikuwa na kimya tu, pande zote mbili, na kimya kilitosha kumweka mtu nje miaka sita.

Nyanya hakuhubiri. Alimwendea mzee aliyekuwa akitunza mahali pale, akamwamkia, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Taveta, "Mwanangu anaweza kuingia?"

Yule mzee alishangaa kuulizwa. "Karibuni nyote, mama," akasema. "Viatu nje tu, na kitu chochote cha ngozi."

Cha ngozi! Kwa Wajaini ngozi ni mnyama aliyeuawa, kwa hivyo haiingii. Baba akalazimika kuvua mkanda. Na Baba amepungua mwaka huu. Alizunguka hekalu lote ameshika suruali kwa mkono mmoja, na heshima zake zote za mzee wa kanisa. Sisi tulijiuma midomo. Shangazi ndiye aliyeangua kicheko kwanza, na ni kicheko hicho kilichomvusha kizingiti. Alikuwa ndani kabla hajakumbuka kuogopa.

Ndani ni baridi. Marumaru inauma nyayo. Masanamu yamekaa, miguu imekunjwa, macho yametulia yanakutazama bila kukudai kitu. Hatukupiga picha. Shangazi alitembea ukutani pole pole, akatazama michoro, akatazama juu, akatazama sakafu. Alikaa huko kama dakika kumi. Alipotoka alivaa viatu vyake, akasema, "Kumbe ni safi hivi," na tukaenda kutafuta bajia.

Hakuna aliyelia. Hakuna muziki uliopigwa nyuma, hii si filamu. Lakini njiani kurudi Taveta, aliimba mstari wa wimbo mmoja kwa lugha ambayo sikujua kuwa anaijua.

Najua mtakachosema

Kuna wawili watakaonipinga, tuwajibu.

Wa kwanza atasema: Mkristo au Mwislamu anaingiaje kwenye nyumba ya masanamu? Jibu langu: kuingia si kuabudu. Uliingia benki na hukuwa tajiri. Tena sisi watu wa Mahoo tuwe wa mwisho kusema hivyo. Misheni ya CMS ilikuwa hapa kitambo, mpaka Taveta kulikuwa na gazeti lake, Taveta Chronicle, kuanzia mwaka 1895, wakati Nairobi haijawa mji. Kanisa ambalo leo tunaliita la mababu lilikuwa nyumba ya wageni, na kuna mtu wa kwetu aliyekuwa wa kwanza kuchungulia mlangoni aone hao wageni wanafanya nini. Wangekataa kuchungulia, wewe na huyo mchungaji wako mngekuwa wapi? Na kama dhamiri yako inakataa kabisa, ni haki yako, kaa nje. Ila ukae nje kwa kuchagua, si kwa kudhani hutakiwi.

Wa pili ana hasira zaidi, na namheshimu: hao watu wanatudharau, kwa nini twende kuwapamba? Ndugu, mimi nimetoka kukusimulia habari ya Shangazi yangu, sijafumba macho. Mwaka 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na ilikuwa sawa, wamekuwa hapa vizazi na vizazi. Lakini kuandikwa kwenye gazeti la serikali ni jambo moja, na kukaribishana ni jingine. Mwajiri wa Shangazi angeweza kusema neno moja, "Ingia," katika miaka sita. Hakulisema. Hilo ni deni, na simlipii mimi.

Ila pia kuna Makindu. Hekalu la Masingasinga, limekuwa pale tangu 1926, mbegu yake ni hao hao wafanyakazi wa reli. Msafiri yeyote anaingia, anafunika kichwa, anakula bure. Haulizwi kabila, haulizwi dini. Wapo waliofungua mlango, na wapo walionyamaza. Ukiwaweka wote kwenye kapu moja, unafanya kile kile Patterson alichofanya: unahesabu watu kwa makumi ili usiwajue majina.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Hatuhitaji tu kuona mahali pazuri. Tunahitaji kwenda na wazee wetu, kwa sababu wao ndio wenye nusu ya hadithi ambayo haikuandikwa kwenye jiwe. Ningeenda Maktau na marafiki zangu tungepiga picha tukaondoka. Nilienda na Nyanya, nikarudi na vidole viwili vya mguu wa babu yake. Ningeenda Langoni peke yangu ningeona marumaru. Nilienda na Shangazi, nikaona mlango.

Mambo ya kuzingatia ukitaka kwenda. Anzia nyumbani kwako, popote ulipo. Kila mji wa reli una makaburi, msikiti au hekalu usilolijua. Voi, Makindu, Nairobi, Nakuru, Kisumu, hamkosi. Vaa soksi safi, viatu vitavuliwa. Mkanda wa ngozi uache garini, na suruali iwe ya kukukaa. Uliza kabla ya kupiga picha, na ukiambiwa hapana, ni hapana. Usiingie wakati wa ibada ukizungusha simu. Na ukifika mlangoni ukaona mzee wako anarudi nyuma, anasema atawangoja, ataangalia mizigo, ataangalia viatu, usimwache. Muulize alizoea hayo wapi.

Halafu nenda kwa mwenye mlango umuulize kwa sauti kama anaweza kuingia. Mara nyingi jibu limekuwa hapo miaka yote, linangoja swali tu.

Niambieni: kwenu nani ndiye huwa anabaki nje?